Kitenge cha Mama Zabron

Leonia, mwanafunzi wa upigaji picha, alikuwa likizo kwao Maisaka, mjini Babati, watu walipoandamana kudai katiba mpya. Alipiga picha nyingi. Kabla hajazirusha mtandaoni, kila uso aliutia ukungu, asije akamponza mtu.

Lakini mbele kabisa alionekana mama mmoja aliyevaa kitenge cha njano chenye majogoo mekundu. Kitenge kile walishona sare akina mama kumi na wawili wa jumuiya yao ya kanisani, na siku hiyo kumi na mmoja walikuwa msibani Bonga. Aliyebaki mjini ni Mama Zabron peke yake. Kesho yake alikamatwa, akakaa ndani siku tatu.

Siku zote hizo Leonia kila akianza kusali alikwama. Mama Zabron alipoachiwa, Leonia alimfuata kwake, akamkuta anachambua maharage.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Leo kamera umeiacha wapi?"

Leonia akapiga magoti. "Mama, ile picha niliipiga mimi. Uso niliuficha, kitenge sikukiwaza."

"Heee! Babati hii nani asiyeyajua majogoo yetu?" Mama Zabron akacheka kidogo. "Waliniuliza sana aliyepiga ni nani. Nikasema sikumwona."

"Hukuniona kweli?"

"Si nilikupungia mkono? Mungu anisamehe uongo ule."

Leonia akainamisha kichwa. Sasa yalikuwa makosa mawili ya kuungama, na la pili, uongo wa kumkinga yeye, lilikuwa la mwenzake.

"Inuka," Mama Zabron akasema, akimsogezea ungo. "Nisaidie kuchambua."