Jinsi nilivyogeuka upepo kwa mtende wa Lodwar

Wakuu, salamu kwa wote, wakubwa kwa wadogo. Haya yalinipata mimi mwenyewe. Anayetaka chumvi ajiongezee kwake.

Naanza kwa kukiri. Kama umewahi kusikia habari za mwanamke wa makamo aliyekwama juu ya mtende pale Lodwar, gauni limenasa kwenye miiba, msimu wa kampeni za 2013, basi ni mimi. Nimekana muda mrefu. Kuna wakati nilisema ni mwenzangu wa ofisini. Leo nimechoka.

Turudi nyuma kidogo.

2012 nilihamishiwa Lodwar, ofisi ya elimu. Mimi ni wa Vihiga, mtu wa mvua na migomba. Nikapanga nyumba kwa Mama Akiru, mjane wa Kiturkana mwenye sauti ya kuita mbuzi kutoka ng'ambo ya mto Turkwel.

Uani kulikuwa na mtende mmoja mrefu, marehemu mumewe aliupanda.

Mti huo ulikuwa na vituko. Kila mwaka unatoa maua, halafu vitunda vidogo vya kijani, vitatu vitatu vimebanana, ndani hakuna kokwa. Vinakauka, vinaanguka. Mbuzi wa Lodwar, ambao nimewaona kwa macho yangu wakila katoni, walivinusa wakapita.

"Zamani ulikuwa unazaa," Mama Akiru aliniambia. "Mzee alipokufa ukaacha. Unamlilia."

Nami na digrii yangu nikatikisa kichwa, nikasema labda ni stress.

Stress ya mti, wakuu. Na serikali ilikuwa inanilipa mshahara.

Shida ilikuwa shemeji yake, Lokwawi. Mafuta yalikuwa yamegunduliwa Turkana, kila mtu mjini anataka vyumba vya kupangisha, na Lokwawi alivitaka vyake pale pale penye mtende. Akakaa na wazee wa ukoo, wakakata shauri: msimu ujao mti usipozaa, unaangushwa.

"Mti wa msiba haukai karibu na nyumba," akasema.

Mama Akiru hakubishana. Lakini nilimwona akiumwagia maji aliyoyabeba kichwani, kwenye jua lile. Mumewe alizikwa kwao Lokiriama, mbali. Pale mjini alichomwachia ni kivuli kile tu.

Sasa, kazi ikanipeleka Kakuma kukagua shule za kambi ya wakimbizi. Sokoni nikaingia duka la Amna, mama kutoka Sudan anayeuza tende kwa magunia, dhahabu masikioni, mume wake Idris kando akinywa chai. Nikawasimulia habari za mti unaolia. Nilidhani ni stori tamu.

Amna akaacha kupima.

"Dume yake iko wapi?"

"Dume la nani?"

"Ya mti! Wewe mwalimu, mti hapana lia. Mti nataka bwana!"

Mimi nilichora ua Form Two, nikaweka mishale yote, nikapata tiki. Nilijua nyuki anatoka ua hili kwenda lile, basi, kazi imekwisha. Kumbe mtende jike ni mti wake na dume ni mti wake. Dume hazai maisha yake yote. Kazi yake ni kutoa chavua, unga mweupe. Porini upepo ndio unaoubeba, na mwingi unapotelea mchangani. Nyuki wanakwenda kwa dume kula huo unga, lakini jike hana cha kuwapa, kwa hiyo wanampita. Ndiyo maana wakulima wa tende hawangoji. Wanabakiza madume machache, wanakata shada lao la maua, wanapanda juu ya jike na kufunga vijiti vya shada hilo katikati ya maua yake.

"Vijiti vitano," Amna akasema.

"Kumi!" Idris akadakia. "Huyu kwao walikuwa wananunua tende tu, hawapandi."

"Na kwenu mlikuwa mnaiba!"

Niliwaacha wakiendelea.

Nilipofika Lodwar nikamuuliza Mama Akiru kama uani kuliwahi kuwa na mtende mwingine. Akanionyesha kisiki nyuma ya jiko.

"Ule? Ule ulikuwa mvivu. Mzee alipanda kokwa mbili. Moja ikaleta tende, moja ikaleta vumbi kwenye nguo zangu. Wakati wa matanga kuni ziliisha, watu wamejaa. Mimi nikasema wakate ule usio na kazi."

Nilipomweleza, alikaa chini pale pale mchangani. Mkono mdomoni.

Akasema polepole, "Basi wiki moja mimi na mti tulipoteza waume wawili. Na mmoja nikamfanya kuni za kupikia chai."

Mwanzoni mwa 2013 mtende ukachanua. Amna alijua dume moja kando ya mto Tarach, akanikatia shada, akalifunga kwa gazeti. Harufu ya maua yale, wakuu, walio kwenye ndoa wataitambua. Dereva wa ofisi alifungua madirisha yote hadi Lodwar. Hakuniuliza kitu, na tangu siku hiyo hakuwahi kunitazama usoni.

Lokwawi alikataa kupanda. Goti la Mama Akiru ni bovu. Nikaazima ngazi kwa vijana waliokuwa wakibandika picha za wagombea, nikapanda mwenyewe.

"Mwalimu, unampigia nani kampeni?" mtu akauliza kutoka uani kwa jirani.

"Anaozesha!" Mama Akiru akajibu, ameshika ngazi.

"Na mahari?" Lokwawi akapaza sauti. "Ngamia wako wapi?"

Watu walicheka hadi mbuzi wakakimbia. Nilifunga vijiti saba, kuwapatanisha Amna na Idris, nikatikisa, unga ukaniingia machoni, nikashika tawi lenye miiba. Yaliyofuata mmeshayasikia.

Kabla matunda hayajaonyesha kitu, uhamisho ukaja. Nikarudi Vihiga bila kujua kama mti utazaa.

Nilichojifunza ni hiki: usiite mti mvivu kabla hujajua kazi yake. Kule kwetu tunapulizia dawa maharagwe yakiwa yamechanua, nyuki wanakufa, halafu tunalaumu mbegu. Wenye mitende, mipapai, maboga yanayodondosha maua, hebu semeni yaliyowapata. Na anayejua kama ni vijiti vitano au kumi aseme, ndoa ya watu iko hatarini.

Ah, na mti: miezi michache baada ya kurudi Vihiga, simu ilikuja nikiwa shambani.

"Ejok, mwalimu," Mama Akiru akanisalimu kwa Kiturkana. Nilisikia anatafuna.

"Mama, vipi mti?"

"Si tatu tatu tena. Ni moja moja. Nimeng'ata." Akatafuna tena. "Jino limegonga kokwa."

Nilikaa juu ya tuta.

"Na shemeji?"

"Lokwawi? Yuko juu ya mti tangu asubuhi. Anafukuza ndege."