Upepo wa Jumapili

Fssss. Puto likiachia upepo polepole hutoa mlio huo, na siku niliyousikia katika ukumbi mmoja wa Katoro nilikuwa nimeshakasirika tangu chai ya saa nne. Ofisi yetu ilikuwa imetupeleka kule kufundishwa kufurahi. Msinicheke, ndivyo bango la mlangoni lilivyosema: ishi kwa furaha, jiboreshe, cheka kila siku. Mfundishaji alikuwa kijana mwenye suruali ya kubana na kipaza sauti kilichobandikwa shavuni. Alitusimamisha tucheke. Si kwamba alisema jambo la kuchekesha, hapana. Alihesabu moja, mbili, tatu, nasi tukasema ha ha ha, hi hi hi, mikono juu. Mhasibu wetu, mtu mzima mwenye wajukuu, alisema hi hi hi huku amekunja uso kama anayelipishwa faini. Kisha tukagawiwa maputo ili tupulizie humo shida zetu zote, halafu tuziachie ziende zao.

Wenzangu waliyaachia maputo yao, yakarukaruka ukumbi mzima. Langu nililibana mdomo kwa vidole, likawa linavuja kidogo kidogo, fssss, na papo hapo nikawa nimerudi Ngokolo, Jumapili asubuhi, mtoto wa darasa la nne niliyelala kitandani, na nje nyuma ya jiko kuna kitu kinatoa upepo. Yule kijana hakunipa nafasi ya kusimulia, alikuwa na haraka ya kutufikisha kwenye furaha. Nawasimulia ninyi.

Tulihamia Ngokolo, hapo Shinyanga mjini, tukitokea Nyarugusu. Kule machimboni mama alikuwa akiponda mawe ya dhahabu ya watu wengine, mpaka jiwe moja lilipoviringika kutoka juu ya rundo likamvunja kifundo cha mguu. Mguu ulipona vibaya. Aliweza kuzunguka uani na kufika bombani, lakini mwendo mrefu ulimshinda. Baba akasema dhahabu wabaki nayo wanaoitaka, akaja kuuza chumvi na dagaa sokoni, na mzigo wake akaubeba kwa baiskeli nyeusi, nzito, yenye keria ya chuma. Kila siku aliikokota imejaa magunia. Hakuna aliyeshangaa, maana mwenye magunia ya chumvi hukokota, hapandi.

Taabu ilikuwa Jumapili. Jumapili mtaani kwetu kila mume alimpakia mkewe kwenye keria, mke amekaa upande, kitenge kimenyooka, mwavuli juu, wakaenda kanisani. Shinyanga ni mji wa baiskeli. Mtu mzima wa pale akisema hajui kuendesha, ni afadhali angesema hajui kula ugali. Na kila Jumapili baba alipoitoa baiskeli yetu, tairi la nyuma lilikuwa chini, limelala kabisa. Aliliminya kwa kidole gumba, akatikisa kichwa, akairudisha ukutani.

"Poleni na pancha, Baba Kabula," alikuwa akisema jirani yetu Mama Masanja akiwa juu ya keria ya mumewe, akipita polepole kuliko ilivyolazimu. Kabula ni mimi. "Jamani, hilo tairi lina mkosi gani?" Alisema kwa sauti tamu, kichwa amekiinamisha upande, na mimi nilitamani kummwagia majivu. Sijawahi kumpenda yule mama na sioni sababu ya kuanza leo.

Mama alikuwa mwanakwaya, sauti ya kwanza. Majirani walimshauri achukue baiskeli za abiria zilizojaa pale njia panda. Alikataa. "Nina mume, na mume ana baiskeli," alisema. "Nipakiwe na wanaume wa njia panda kwa kosa gani?" Basi akabaki nyumbani. Mwanzoni aliimba akiwa jikoni, nyimbo zote za ibada mpaka ya mwisho. Baadaye akawa anavumisha tu puani. Baadaye kimya. Mama yangu, ambaye Nyarugusu alicheka mpaka wachimbaji wanatoa vichwa shimoni kuuliza kuna nini, akawa anapepeta mchele bila neno. Kisha kwaya ikaleta ujumbe: Pasaka inakaribia, kama hatakuja kuimba, sare yake airudishe apewe mwingine. Aliikunja ile sare, akaiweka juu ya sanduku, na hakuna mtu aliyeigusa. Mimi nikipita nilikuwa naitazama kwa pembe ya jicho.

Kila Jumatatu baba alipeleka baiskeli kwa fundi Pazi, mzee wa Kizaramo aliyekuja na reli zamani akasahau kurudi kwao. Alikuwa na karai la maji, pampu, na mkebe wa gundi ya pancha iliyonuka mpaka barabarani. Yeye Mzaramo, sisi Wasukuma, kwa hiyo ni watani, na mtani ana ruhusa ya kukwambia lolote mbele ya yeyote, ukinuna kosa ni lako. Pazi aliitumia ruhusa hiyo vizuri sana. Alitudharau kwa ufundi. Alidharau michembe yetu ya viazi vikavu, ng'ombe wetu, ukubwa wa miguu yetu na jinsi tunavyoongea Kiswahili kama tunaita mifugo.

Jumatatu iliyofuata ule ujumbe wa kwaya aliuzamisha mpira wa tairi kwenye karai, akauzungusha wote. Hakuna povu hata moja lililotoka.

"Hakuna pancha."

"Tazama tena," baba akasema.

"Nimetazama tangu mvua za kwanza. Mpira huu ni mzima kuliko wewe." Akafuta mikono kwenye suruali, akanigeukia. "Kabula, baba yako umewahi kumwona juu ya baiskeli hii?"

Nikafikiri. Nilimwona kando yake, nilimwona nyuma yake akiisukuma, nilimwona amepiga magoti mbele yake. Juu, hapana. Pazi alimwangalia baba usoni kwa muda, kisha akakaa chini kwenye benchi lake taratibu.

"Hajui," akasema. "Msukuma mzima na ndevu zake, hajui baiskeli."

Baba aliangalia huku na huku. Tulikuwa sisi tu na mbuzi wa jirani. Akasema kwa sauti ya chini kwamba alipokuwa mtoto akichunga ng'ombe alipanda baiskeli ya kaka yake, ikamchukua mteremko mzima ikamtumbukiza lamboni mahali wasichana walipokuwa wakichota maji. Kijiji kizima kikamwita Chura mpaka alipohama. Akaapa hatapanda tena. Nami nikamdharau palepale. Mtoto wa darasa la nne ana dharau ya kutosha, na mimi nilikuwa na ya akiba.

Pazi hakumwambia pole. "Kesho jioni, kiwanja cha nyuma ya ginari ya pamba," akasema. "Usipokuja nautangazia mji. Ukija mji utajua vilevile, ila utakukuta unajifunza."

Baba alikwenda. Nadhani alikwenda kwa sababu ya ile sare juu ya sanduku, maana kabla ya kutoka aliitazama. Pazi alishusha siti mpaka chini kabisa, miguu ya baba ikawa inaburura ardhini, magoti yakapita usukani. Akamsukuma. Baba akaenda hatua chache, akaingia kwenye ua wa miiba. Wapakiaji wa pamba waliokuwa wamepumzika juu ya marobota waliangua kicheko. Baba akatoka na suruali imechanika, uso umemvimba kwa hasira, na Pazi akamshika begani.

"Sikiliza, wewe mla michembe. Ukianguka, cheka wewe kwanza. Usituachie sisi kazi hiyo, sisi hatuna huruma."

Baba alianguka tena. Akakaa vumbini akajilazimisha, kikatoka kitu kama kikohozi. Pazi akamwambia hata fisi angeona haya kucheka hivyo. Akaanguka tena, safari hii baiskeli ikamlalia juu na gurudumu la mbele likawa linazunguka mbele ya pua yake, na baba akaliangalia lile gurudumu, kisha kikamtoka kicheko cha kweli, cha tumboni, mpaka machozi. Sikuwa nimewahi kuyaona meno yake ya nyuma. Tangu hapo akawa anarudisha matusi. Alimwambia Pazi kwamba Wazaramo wanajua baiskeli kwa sababu ya kuwahi ngoma, na wakifika wanasahau mke wamemwacha wapi. Wakatukanana jioni nzima, mmoja anasukuma, mwingine anakanyaga pedeli, na kadiri matusi yalivyonoga ndivyo usukani ulivyotulia.

Alipoweza kuzunguka kiwanja peke yake, Pazi alinipandisha mimi kwenye keria niwe gunia. Niliangushwa mpaka nikazoea. Nilijifunza kuanguka nikiwa nimelegea, nikicheka kabla sijafika chini, na ujuzi huo umenisaidia maishani kuliko semina zote nilizopelekwa.

Mama Masanja hakukosa. Alikuja kiwanjani na mwavuli wake, akasimama pembeni, akapiga makofi mawili madogo. "Hongera kwa kujitahidi, Baba Kabula," akasema. Kisha akaenda moja kwa moja uani kwetu akamwambia mama, kwa sauti ileile tamu, kwamba mumeo anaanguka kule ginari mbele ya wapakiaji, maskini, ila jitihada anayo. Mama alimsikiliza akaendelea kupepeta mchele. Baba alipofika na vidonda vya magoti akamdanganya kwamba alikuwa anashusha mizigo. Mama akampa maji ya moto na chumvi, hakuuliza kitu.

Ikafika Jumapili ya mwisho kabla ya Pasaka. Baba aliamka akavaa shati jeupe. Mama naye alivaa ile sare ya kwaya, sijui kama ni kwa kuiaga au kwa nini, akajifunga kanga juu yake, akakaa kizingitini. Mzee Pazi, Mwislamu asiye na shughuli yoyote ya kanisani, alikuwa amekaa kwenye ukuta wa jirani anatafuna muhogo. Baba akaitoa baiskeli. Tairi la nyuma lilikuwa chini.

"Poleni na pancha," ikapita sauti ya Mama Masanja barabarani.

"Si pancha," baba akasema. Akaingia ndani akaleta pampu. Katika Jumapili zote zile hakuwa ameitoa pampu hata mara moja.

Mama akanyanyuka. "Acha tu, Baba Kabula. Tutakwenda siku nyingine. Watu ni wengi barabarani."

"Nimejifunza, Mama Kabula."

"Nimesikia unavyojifunza."

Baba akajaza upepo, jasho likimtoka. Alipomaliza akawa anapapasa ardhini kutafuta kile kikofia kidogo cha valvu, akatazama chini ya ukuta, akatazama kwenye mchanga. Mama alisimama akimwangalia. Kisha polepole akafungua pindo la kanga yake, mahali anapofungia sarafu za unga, akatoa kile kikofia akampa. Baba alikipokea. Alikiangalia, akamwangalia mama. Mimi nilidhani mama amekiokota.

"Wabeja," baba akasema, ndiyo asante ya Kisukuma. Akakifunga kwenye valvu. "Panda."

Mama alipanda. Baiskeli ilitoka uani kwetu ikiyumba, mimi nikikimbia kando, na nyuma yetu Pazi anafuata akitukana kwa sauti ya mtaa mzima: mshike mkeo si gunia hilo, nyoosha mgongo wewe mchunga ng'ombe, unaangalia nini chini, umeangusha ndama? Mama alikuwa amefumba macho, amemshika baba shati kwa mikono yote miwili. Tukampita Mama Masanja, amesimama na mumewe kando ya barabara kututazama. Alijificha nyuma ya mwavuli wake, na hiyo ilikuwa ibada yangu ya siku ile.

Walifika mpaka lango la kanisa. Hapo ndipo ilipojulikana kwamba Pazi hakuwa amemfundisha kusimama akiwa na mtu mzima nyuma. Baiskeli ilipungua mwendo, ikapungua, ikasimama, kisha ikalala ubavu mchangani pamoja nao, taratibu, mbele ya wanakwaya wote waliokuwa wamejipanga. Nikamwona baba anafungua mdomo ili acheke kwanza kama alivyofundishwa. Mama alimtangulia. Alicheka kile kicheko cha Nyarugusu, amelala mchangani na sare yake, hawezi kunyanyuka, na alipoinuliwa akaingia kuimba na vumbi lake mgongoni.

Kwa muda mrefu nilidhani hiyo ndiyo hadithi yote, mtu mmoja mwoga kujifunza baiskeli. Niliporudi kutoka Katoro nilimpitia mama. Baba na Pazi walishatangulia mbele za haki, na baiskeli imebaki ukutani. Nilimkuta anamenya karanga, nikamsimulia habari za semina na za maputo, akacheka bila kuhesabiwa. Kisha nikamuuliza kuhusu ule mlio nyuma ya jiko, uliokuwa ukiniamsha Jumapili.

"Baba yako angeumbuka," akasema. "Mimi nilikuwa nakosa kanisa tu."

"Alijua ni wewe?"

"Hakujua mpaka siku ile ya kikofia. Alikuwa anadhani ni Mungu."

Nikamuuliza alianza lini. Alimenya karanga kadhaa kabla ya kunijibu.

"Siku aliyokuja kuposa," akasema. "Alikuja kwetu mchana wa jua kali, anakokota baiskeli mpya inayong'aa, anatota jasho. Akasema imepata pancha njiani. Kaka zangu wakasema watakwenda kuitazama wakimaliza kula. Nikatoka mimi kwanza, nikaliminya lile tairi. Lilikuwa limejaa tele."

Akapuliza maganda ya karanga kwenye ungo.

"Nikachuchumaa, nikalitoa upepo."