Mkeka wa Kuombea Kura

Wiki iliyopita nilirudi Dunda kutoka Fukayosi, nilikokuwa nikivuna mananasi. Nilipoketi barazani kwa shangazi, gari la spika likapita: "Tunaomba kura zenu!" Halikusimama. Shangazi aliendelea kuchambua mchele. Mimi nikaukumbuka mwaka aliogombea yeye.

Shule niliiacha darasa la sita, lakini maneno nimeyapenda tangu utotoni. Mwaka ule shangazi aliutaka uenyekiti wa mtaa, na kila siku neno jipya lilibisha hodi. Nikikuna nazi, namuuliza bibi, mama yake shangazi. Mpambe ni nani?

"Anayempamba mgombea, kama bi harusi. Akishapambwa, kasoro zake huzioni."

Sera? "Anayosema atafanya." Na visingizio? "Hizo hizo sera, baada ya uchaguzi."

Na kuomba kura? Hapo bibi aliweka ungo chini.

"Kuomba ni kuja mlangoni, ukavua viatu, ukaamkia, ukakaa, ukasema haja yako. Hata chumvi huombi ukiwa barabarani."

Basi akaanza kumngoja mwanawe. Kila alasiri alifagia, akatandika mkeka, akaweka kashata kwenye sahani ya maua. Harufu ya ubani ilifika hadi uani. Shangazi aliingia nyumba zote za mtaa, za wanaompenda na za wasiompenda. Ya mama yake aliipita akipunga mkono. Kura ile aliiona yake tangu azaliwe.

Jirani alicheka. "We bibi, mwanao naye mpaka akuombe?"

"Kwani mimi si mpiga kura?"

Siku moja mpambe alileta kofia yenye picha ya shangazi. Bibi alimshukuru vizuri, na kofia ikawa ya kushikia sufuria ya moto.

Siku ya uchaguzi bibi alishinda ndani, kituoni hakwenda. Shangazi alishindwa kwa kura nyingi. Ile moja isingemwokoa. Lakini ndiyo aliyoifuata, amevua viatu, macho mekundu.

"Shikamoo mama. Hata wewe?"

"Marahaba. Hukuniomba, mwanangu."

"Mama naye huombwa?"

"Nina kidole cha kupigia kura kama hao uliowaomba."

Walikula kashata bila kutazamana. Shangazi hakugombea tena.

Bibi ameshatangulia. Siku hizi kura huombwa kwa spika, na kwa ujumbe wa simu unaokuita "ndugu mpiga kura" bila kujua jina lako. Maneno yote yapo, nayasikia kila ninakotafuta kibarua. Kuvua viatu ndiko sikuoni.

Gari lilipopotea, shangazi aliinuka akafagia, akatandika mkeka. Nikamuuliza anamngoja nani.

"Si huyo aliyesema anaomba?"

Alileta kashata kwenye sahani ile ile ya maua. Tulingoja barazani mpaka adhana ya magharibi. Kisha akaukung'uta mkeka, ingawa hakuna aliyeukalia.