Darasa la Adyero Halifiki Dirishani

Saa moja na robo asubuhi, foleni ya sukari Nateete imekwisha kupinda kona ya pili. Watu wapata mia mbili, wengi wao kina mama wenye vikapu, wamesimama wakitazama visogo vya walio mbele yao. Duka halijafunguliwa, na hakuna ajuaye kama leo litafunguliwa.

Katikati ya foleni hiyo, msichana mwembamba aliyevaa sweta la kijivu anamnong'oneza kijana aliye mbele yake: "Kwa nini chuma inashika kutu upesi kama iko chumvi?"

Kijana anafikiri, anageuka, anampelekea swali mwenzake wa mbele. Swali linasafiri kichwa hadi kichwa. Baada ya dakika tano hivi jibu linarudi likiwa na kosa moja, na msichana analisahihisha kwa sauti ya mtu anayelalamikia bei ya ndizi.

Hilo ndilo darasa. Mwalimu ni Adyero, miaka ishirini na miwili, mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa kemia chuo kikuu. Wanafunzi wake ni tisa, wa kidato cha sita, nao wanataka kitu kimoja tu: kufanya mtihani wa Novemba mwaka huu wa 1977 na kuingia chuo.

Adyero si jina lake halisi, na ya wengine pia nimeyabadilisha. Hata foleni yenyewe wamekwisha kuihama. Nilipomuuliza kama haogopi nikiiandika, alicheka kwa mara ya kwanza tangu tukutane. "Andika tu. Kampala laini ya kusimama haiwezi kwisha."

Vijana hawa hawana shule ya kurudi. Baadhi waliiacha walipokosa walimu. Katika shule ya wawili kati yao, mwalimu wa mwisho wa kemia aliondoka mwaka 1973 na kiti chake kiko wazi hadi leo. Wengine waliiacha baba zao walipochukuliwa na askari. Watafanya mtihani kama watahiniwa wa kujitegemea, na wa kuwaandaa ni wanafunzi wenzao waliowatangulia chuoni.

Zamani darasa lilikuwa na paa. Walikutana Jumamosi mchana katika chumba kimoja Kamwokya, wanafunzi kumi na wanne na walimu wawili: Adyero, na Okullo wa mwaka wa nne, aliyefundisha hesabu. Okullo ndiye aliyelianzisha. Aliwafundisha pia namna ya kuchagua kozi, namna ya kumwendea mhadhiri, na namna ya kukaa maktaba bila kusinzia.

Alikuwa mwalimu hasa, na kilichomponza ni ualimu wake. Aliandika orodha ya wanafunzi wote, na mbele ya kila jina akaweka alama za jaribio la mwisho.

Machi mwaka jana, kwenye kizuizi cha barabara ya Bombo, karibu na Bwaise, askari walimpekua wakaikuta. Majina kumi na manne, mengi ya kaskazini, kwa watu ambao serikali inawashuku, na tarakimu pembeni. Mfanyabiashara mmoja Mkongo, Valère, aliyewafahamu wote wawili, alikuwa abiria mwenzake garini, naye ndiye aliyemletea Adyero habari.

"Waliuliza yeye, hii namba ni ya bunduki ngapi?" Valère ananieleza. "Yeye anasema, afande, ni maksi, ni ya hesabu. Wanacheka. Wanasema, huyu ya sabini na mbili, sabini na mbili ya nini? Walimushusha. Sisi wakatuambia tuende."

Okullo hajaonekana tena. Wanafunzi wawili walivuka mpaka na familia zao, watatu wakafungiwa nyumbani na wazazi. Waliobaki ni hawa tisa. Adyero alichoma kila karatasi yenye jina la mtu, na darasa likahamia barabarani.

"Vijana tisa kwa nyumba, hiyo ni mkutano," anasema kwa Kiswahili alichokulia nacho katika kambi ya polisi, alikohudumu baba yake. "Vijana tisa kwa laini ya sukari, hiyo ni njaa. Hakuna mtu anauliza njaa."

Siku hiyo yuko anayeuliza. Askari mmoja anayelinda foleni anasimama mbele yake. "Wewe! Unasema nini na hawa kila saa?"

"Afande, nawaambia wasisukume. Wamama iko na watoto mgongoni."

Askari anamtazama, anaitazama foleni, anaenda zake. Nusura, mwanafunzi anayesimama nyuma ya Adyero, anashusha pumzi. "Mwarimu, miguu yangu imekufa," ananong'ona, na Adyero anamkata jicho. Neno mwalimu ni marufuku hapa. Aitwe dada.

Anapokaribia dirisha la duka, Adyero huwapisha walio nyuma na kurudi mkiani pamoja na wanafunzi wake, na darasa huanza upya. Kwa mwaka mzima na zaidi amesimama kwenye foleni ya sukari siku tatu kwa wiki, na hajanunua hata kijiko. Chai yake huinywa bila sukari.

Nilipomkuta, lakini, hakuwa akihangaikia kemia. Kujiandikisha kwa mtihani kungefungwa Ijumaa ya wiki ile, saa sita mchana. Watahiniwa wa kujitegemea hupeleka fomu zao pamoja, zikiwa na orodha ya majina kamili na saini ya mdhamini. Yaani orodha ileile. Aliyekula kiapo kutoandika jina la mtu alitakiwa kuandika tisa.

Wanane walikubali. Amito, mwenye miaka kumi na minane na kichwa chepesi kuliko wote, alikatazwa na mama yake. Baba yake, koplo wa polisi, alichukuliwa kazini Februari. Mama alitaka binti aandikishwe kwa jina la Kiganda, au asiandikishwe kabisa.

"Nikiandika jina ya uongo," Amito aliniambia, "siku ya matokeo nani amepita? Si mimi."

Adyero aliwaendea wahadhiri wawili kuomba mmoja awe mdhamini. Wa kwanza alijifanya hamjui. Wa pili alimfungia mlango, kisha akaufungua tena kumwambia samahani.

Alhamisi mchana alikwenda nyumbani kwa kina Amito, nami nikafuatana naye. Mama alikuwa akichambua maharage na hakuinua uso.

"Mama, mdhamini ni mimi," alisema Adyero. "Jina yangu nimeweka juu kabisa. Wakisoma ile karatasi, wataanza na mimi."

"Na wakimaliza na wewe?"

"Sijui, mama."

Mama aliendelea na maharage. Adyero aliaga akatoka. Njiani aliniomba kitu kimoja. "Usiandike kwamba mimi ni shujaa. Mimi naogopa kila siku. Lakini nikikataa kuandika, basi wale askari walimaliza darasa, na Okullo alikwenda bure."

Ijumaa saa nne asubuhi orodha ilikuwa ndani ya sweta lake, majina manane. Saa tano kasorobo Amito alitokea kwenye foleni, na nyuma yake mama, amevaa gauni la kanisani. Walitoka pembeni, nyuma ya ukuta wa duka. Amito alijaza fomu akiiegemeza mgongoni mwa Nusura: majina yote matatu, kabila, wilaya, mahali anapolala.

Alipofika kwenye jina la baba aliliandika bila kusita. Chini yake fomu iliuliza: yu hai, au amefariki? Hapo mkono wake ulisimama.

Mama alimnyang'anya kalamu. Ni mwanamke asiyeandika kwa urahisi, na ilimchukua muda. Aliandika: HAI. Kisha akarudisha kalamu, akafunga mkoba wake, akasema, "Nendeni, mtachelewa."

Nilisimama pale nikijifanya mnunuzi wa sukari, na sioni aibu kusema kwamba nililia.

Fomu tisa, na orodha ambayo sasa ilikuwa na majina tisa, zilipokelewa katika ofisi ya mitihani saa sita kasoro dakika kumi. Karani alizipanga bila kumtazama mtu usoni. Sasa orodha iko ofisini, nao wanaishi wakijua hivyo. Adyero amekwisha kumfundisha Nusura maswali yote ya kemia kwa mdomo, ili siku yeye asipofika, foleni isikose wa kuuliza.

Matokeo yatatoka Machi mwakani. Siku hiyo, anasema, hatampisha mtu. Atasimama mpaka dirishani, anunue sukari, apike chai ya maziwa na kuialika foleni yake yote. Vikombe amekwisha kuvihesabu kichwani: tisa vya wanafunzi, kimoja chake.

"Na kimoja ya Okullo," anasema. "Hicho nitaweka sukari nyingi. Yeye anapenda."