Mpini wa Pampu na Aliyesahauliwa Kuulizwa

Kwa miaka minne mwalimu wa sosholojia aliwafundisha wanafunzi wa uhandisi kuwa mashine haijakamilika mpaka aulizwe atakayeitumia. Nao wakambandika jina la Bibi Hojaji, asikasirike. Somo hilo alilifundisha pamoja na shemeji yake mhandisi, mume wa dada yake, na sasa kamati ya kitivo ilikuwa karibu kukaa kuamua kama lifutwe.

Siku moja kabla ya kikao, wawili hao walikwenda zahanati kukagua pampu ya mkono waliyoibuni wanafunzi. Walimkuta mama mjamzito ananing'inia kwenye mpini uliokuwa juu mno kwake, vidole vya miguu vikitafuta ardhi, maji hayatoki.

"Mlimpimia nani hii, enyi wasomi?" aliuliza akihema. "Mume wangu? Yule maji huyaona kwenye kikombe tu!"

Foleni nzima ikaangua kicheko. Mhandisi akakunja uso. "Shemeji, hesabu haina doa. Vimo vimetoka kwenye hojaji yako."

Ilikuwa kweli. Hojaji ilisema ahojiwe na kupimwa mkuu wa kaya, kama hojaji zote Bibi Hojaji alizopata kuandika. Wakuu wa kaya, wengi wao wanaume wasioteka maji, walijibu kwa ufasaha. Yeye aliyefundisha kuuliza hakujiuliza nani aulizwe.

Mlangoni pa kikao shemeji alimvuta kando. "Sema wanafunzi walikosea kupima. Ukijitaja, mkuu wa kitivo atasema mafundi na wanasosholojia hawapikiki chungu kimoja. Somo litakufa leo."

"Na watoto wa watu wafelishwe kwa kosa langu?"

"Una kichwa kigumu kama dada yako!"

"Dada yangu amekuvumilia miaka ishirini. Chake ni laini mno."

Shemeji alicheka, cheko lisilofika machoni.

Ndani, habari za pampu zilikuwa zimeshafika, na mkuu wa kitivo aliuliza kosa ni la nani. Bibi Hojaji alilipenda somo lile kama mzazi ampendavyo kitindamimba. Lakini mja huamrishwa kuisema kweli ijapokuwa dhidi ya nafsi yake. Akasimama.

"Ni langu. Niliwatuma kwa wasiohusika."

Hakuna aliyemkaripia. Mkuu wa kitivo aliandika kwamba wanafunzi wamefaulu, akaandika mstari wa pili, akaomba wa kumuunga mkono. Mhandisi alinyoosha mkono kutaka kusema, hakupewa nafasi. Somo lilifutwa kabla ya chai ya saa nne.