Kinyozi na Msafara wa Jioni

Ukitaka kujua shule zinafunguliwa lini, acha kalenda. Pita mbele ya kibanda cha kinyozi aliyeitwa Wembe. Siku za mwisho za likizo benchi lake la nje lilijaa watoto waliofuga nywele mpaka zikawa viota, kila mmoja kashikwa mkono na mzazi asije akatoroka. Mashine ilinguruma tangu asubuhi. Kibanda kizima kilinuka spiriti na poda, na nywele zilitapakaa sakafuni kiasi kwamba mkewe akipita alimwambia, "Baba Chiriku, fagia kabla hujaota manyoya humo ndani."

Mkewe alikuwa dobi wa hospitali, kazi ya zamu: leo mchana, kesho usiku. Mungu aliwapa mtoto mmoja tu, binti wa miaka kumi, na watu wa nyumbani walimwita Chiriku kwa sababu ya domo lake. Aliongea akila, aliongea akioga, na mama yake aliapa kwamba hata usingizini alikuwa anamalizia ubishi wa mchana.

Mwaka huo shule ilipofunguliwa palikuwa na habari mpya. Mwalimu mkuu, mama mmoja mrefu asiyependa kurudia neno, aliwaita wazazi ukumbini. Aliwaambia madarasa yamepakwa rangi, vyoo vipya vimekamilika, na mwalimu wa hisabati aliyekuwa masomoni amerudi. Wazazi waliitikia kwa vichwa, wengine wakisinzia. Kisha akasema jambo lililowaamsha. Kuanzia muhula huo, masomo yakiisha, mtoto anayetaka angebaki shuleni mpaka jioni. Kungekuwa na vikundi vya kwaya, uchoraji, mpira wa wavu, bustani, maigizo na sataranji. Walimu wenyewe walikuwa wamejitolea.

"Kila mtoto ana kitu chake," mwalimu mkuu alisema. "Darasani hatukioni chote. Tupeni jioni zao tukitafute."

Wazazi walipiga makofi. Walipofika nje, makofi yaligeuka minong'ono.

Tatizo lilikuwa barabara. Kati ya shule na mtaa wao ilipita barabara kuu ya malori. Mchana, kengele ikilia, watoto walitoka kwa pamoja na askari wa usalama aliwavusha. Jioni askari huyo alikuwa ameshakwenda zake, na malori yalikuwa yanakimbizana na giza. Nani angemfuata mtoto saa hiyo? Mtaa ule ulikuwa wa watu wa vibarua na vibanda, wanaorudi nyumbani jua likishazama.

"Hivyo vikundi ni vya watoto wenye magari," alisema fundi viatu, jirani yake Wembe, ambaye kibanda chake kiliegemeana na cha kinyozi kama walevi wawili. "Wangu akitoka darasani, moja kwa moja nyumbani."

Chiriku hakungoja mjadala. Siku hiyohiyo alirudi na kutangaza kwamba ameingia kikundi cha sataranji.

"Sataranji?" Wembe aliuliza. "Ule mchezo wa watu kukaa kimya?"

"Si kimya, baba. Unaongea kichwani."

"Maskini kichwa," alisema mama yake, akaendelea kupiga pasi.

Basi Wembe akawa hana ujanja. Mkewe alikuwa zamu, na mtoto alishajiandikisha. Jioni ya kwanza alitundika mlangoni kibao cha "Narudi sasa hivi", akaondoka saa ileile ambayo wanaume walitoka kazini na kutaka kunyolewa ndevu. Kwa haraka alisahau kuvua begani shuka jeupe, lile ambalo kinyozi humfunga mteja shingoni.

Getini alikuta watoto wachache, na hakuna hata mmoja wa mtaani kwake isipokuwa wa kwake. Mwalimu wa kwaya, kijana mwembamba mwenye sauti kubwa kuliko kifua chake, alikuwa akifunga milango.

"Mzee, wewe si jirani wa fundi viatu?" aliuliza. "Binti yake mdogo tulimjaribu jana. Alipoimba, mpishi wa shule aliacha sufuria jikoni akaja kusimama dirishani. Leo kaniambia baba kakataa."

Wembe alimshika Chiriku mkono, wakaondoka. Walipofika barabarani, malori yalipita mfululizo, yakawarushia vumbi machoni. Alipunga mkono, hakuna aliyejali. Ndipo alipolivua lile shuka begani, akalitandaza mikono yote miwili na kulipeperusha. Lori la kwanza likapunguza mwendo likapita, la nyuma yake likasimama kabisa, dereva akatoa kichwa kushangaa. Baba na mwana wakavuka.

"Baba," Chiriku alisema walipofika ng'ambo, "lingesimama hivyohivyo hata tungekuwa ishirini."

Maneno hayo yalimkaa Wembe rohoni. Mtoto alisema kweli. Kazi ya kumvusha mmoja na ya kuwavusha ishirini ilikuwa ileile.

Siku mbili tatu baadaye fundi viatu alikuja kunyolewa. Wembe alimfunga shuka, akawasha mashine, akapitisha upande wa kushoto wote mpaka ukang'aa. Kisha akazima.

"Umeme umekatika?" fundi aliuliza.

"Umeme upo. Nataka tuzungumze kuhusu mwanao."

"Malizia kwanza, ndugu yangu."

"Nikimalizia utaondoka. Sasa hivi huwezi kwenda popote na nusu kichwa."

Wateja wawili benchini walicheka mpaka mmoja akashika mbavu. Fundi viatu alijitazama kiooni, akaona kweli, akatulia.

"Mwalimu anasema mtoto ana sauti," Wembe aliendelea, taratibu sasa, bila utani. "Mimi namfuata wangu kila jioni. Wako nitamfuata pia, nitamfikisha mlangoni kwako. Kama ni barabara, barabara niachie mimi."

"Na kazi za nyumbani? Mama yake ana kichanga mgongoni."

"Atazifanya akirudi. Hata sisi tulicheza, jamani, na vyombo vilioshwa."

Fundi alijitazama tena kiooni. Alikuwa mtu mgumu, lakini alimpenda mwanawe kuliko alivyojua kusema. "Naye anaimba kila mahali," alikiri mwishowe. "Mpaka chooni. Haya, mchukue. Lakini nyoa, bwana, watu wanapita."

Habari ilienea kwa njia ambayo habari za kinyozi huenea, yaani haraka. Juma lililofuata walikuwa watoto sita. Kufikia katikati ya muhula, ulikuwa msafara mrefu: wadogo mbele wameshikana mikono, wakubwa pembeni, na Wembe nyuma kabisa akihesabu. Kwa kuwa alikuwa amezoea kuwaona kwa nyuma, wengine hakuyajua majina yao. Aliwajua kwa visogo. "Wewe kisogo cha nanasi, rudi mstarini," aliita, na mwenye kisogo alijijua. Wakifika barabarani alitangulia mbele na shuka lake. Madereva walimzoea. Wengine walipiga honi fupi ya salamu, na jina lake jipya kwao likawa Bendera.

Lakini kila jema lina gharama yake. Wateja wa jioni walikuta kibao mlangoni, wakangoja, wakachoka. Hapo mtaani palikuwa pamefunguliwa kibanda kipya cha kinyozi chenye vioo ukuta mzima na muziki, na wengi walihamia huko. Usiku mmoja mkewe alimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, anaisafisha mashine iliyokuwa safi tayari.

"Unajuta?" alimuuliza.

"Sijuti. Nimechoka tu, mama Chiriku. Mtu mmoja akiwa ndiye kila kitu, siku akianguka kila kitu kinaanguka naye."

"Uliwahi kumwomba mtu akusaidie?"

Wembe alifikiri. Kweli hakuwa amemwomba mtu. Aliogopa akiomba watasema ameshindwa, na wazazi watawarudisha watoto ndani. Mkewe alimtazama kwa huruma, akamwambia kidole kimoja hakivunji chawa, naye kinyozi ndiye alipaswa kulijua hilo kabla ya watu wote.

Hata hivyo hakuomba. Kabla hajajipa moyo, homa ikamlaza. Jioni ya siku hiyo alijaribu kuinuka, miguu ikakataa. Mkewe alikuwa kazini. Alilala akitazama dari, akisikia malori kwa mbali, na kila lori aliliona likielekea kwa watoto wake. Aliwaza watoto wamesimama getini, wanangoja. Aliwaza yule mdogo mwenye haraka, ambaye hupenda kutangulia. Jasho lilimtoka, nusu la homa na nusu la hofu.

Giza lilipoanza kuingia, akasikia sauti. Kwanza mluzi, kisha vicheko, kisha wimbo wa kwaya ulioimbwa na watoto waliochoka. Mlango ukafunguliwa, akaingia Chiriku, na nyuma yake fundi viatu, shuka jeupe limemning'inia shingoni, uso umejaa vumbi.

"Nilikuta kibanda kimefungwa na wewe huonekani," fundi alisema. "Nikauliza, nikaambiwa unaumwa. Shuka lilikuwa limeanikwa uani, nikalichukua. Usinidai."

"Wote wamefika?"

"Wote. Yule mdogo mwenye haraka nilimbeba mabegani." Akaketi, akapangusa uso. "Lakini ndugu yangu, ile barabara ni shughuli. Umeifanya peke yako muda wote huu na sisi tunakutazama? Sisi ni watu gani?"

Wembe aligeukia ukutani ili machozi yasionekane. Alisingizia homa.

Kesho yake fundi viatu alipita nyumba kwa nyumba, nyundo bado mkononi, na watu wakadhani anakuja kwa ugomvi. Jioni hiyo wazazi walikutana mbele ya vibanda viwili, wakagawana siku. Mshona nguo alichukua siku yake. Mwenye duka la nafaka naye, pamoja na bibi mmoja ambaye hakuwa na mjukuu shuleni lakini alisema miguu yake inahitaji safari. Wembe alibakiwa na siku moja, ila akawa anakwenda mbili, kwa uroho wa mapenzi tu. Wateja nao wakarudi kidogo kidogo. Baba aliyekuwa amevushiwa mwanawe aliona haya kwenda kunyolewa kwingine, hata kama huko kulikuwa na muziki.

Mwisho wa muhula shule iliandaa maonyesho ya vikundi. Wembe alivaa shati la sikukuu, akaenda, na kwa mazoea akasimama nje ya geti akingoja watoke. Mwalimu mkuu alimwona kupitia dirishani, akaja mwenyewe.

"Baba Chiriku, leo hungoji nje," alimwambia, akamshika mkono mpaka kiti cha mbele, pembeni ya mkewe aliyekuwa ameomba ruhusa kazini.

Watoto wa mtaani walipanda jukwaani, na Wembe aliwaona kwa mbele. Kisogo cha nanasi alikuwa amechora soko zima, watu na kelele zao, hata ungeweza kumsikia mchuuzi. Watoto wa bustani waliingia na vikapu vya mboga walizopanda wenyewe. Halafu binti wa fundi viatu akaanza kuimba, na ukumbi ukatulia kiasi kwamba mtoto mchanga aliyekuwa analia alinyamaza akatafuta sauti inatoka wapi. Fundi viatu hakupiga makofi. Alikaa amejifunika mdomo kwa kiganja chake cheusi kwa gundi na rangi, mabega yakimtetemeka. Wembe akamwekea mkono begani na kuuacha hapo.

Chiriku alikuwa wa mwisho. Alicheza sataranji na mvulana aliyealikwa kutoka shule nyingine, bingwa wao, aliyemzidi umri na kimo. Wembe hakuelewa hata kidogo nani anamfukuza nani. Alichokiona ni mwanawe, domo lile lisilolala, amekaa kimya kimya, kidevu juu ya ngumi, macho yakisafiri ubaoni. Mchezo ulidumu mpaka watu wakaanza kusogeza viti kuja karibu. Mwishoni Chiriku alilaza mfalme wake mwenyewe, akasimama, akampa bingwa mkono.

"Ameshinda?" Wembe alimnong'oneza mkewe.

"Ameshindwa."

"Mbona yule mkubwa ndiye anayetoka jasho?"

Bingwa mwenyewe aliwaambia walimu kwamba hajawahi kubanwa hivyo na mtu wa darasa la chini, akaomba warudiane muhula ujao. Chiriku alishuka jukwaani akaja mbio kwa wazazi wake. Hakuwa na huzuni. Maneno yaliyokuwa yamezuiwa muda wote yalimwagika: wapi alikosea, wapi angemkamata, farasi gani alimsaliti. Wembe hakufahamu hata moja kati ya hayo. Alimsikiliza mpaka mwisho, akamwomba aanze tena tangu mwanzo, polepole, amwonyeshe kila kete inavyokwenda.

Walirudi nyumbani kwa miguu, mtaa mzima pamoja, wazazi na watoto wamechanganyika. Njiani baba mmoja wa mtaa wa pili, ambao nao ulikuwa na barabara yake mbaya, alimkimbilia Wembe, akamuuliza wao wangeanzia wapi muhula ukifunguliwa.

"Njoo nikunyoe," Wembe alimjibu, "nitakueleza yote."

Fundi viatu, aliyekuwa mbele amembeba binti yake mgongoni, aligeuka akamwonya yule baba ahakikishe kwanza ananyolewa kichwa kizima.