Pedi Mpya Iliyokataa Kuingia

Saa mbili na robo asubuhi, gurudumu la mbele la kushoto limelazwa kwenye sakafu ya gereji, na mwanamke aliyevaa ovaroli ya bluu amepiga goti kando ya gari. Mkono mmoja umeshika pedi ya breki iliyochakaa, mwingine umeshika mpya iliyotoka kwenye boksi sasa hivi. Anazilaza moja juu ya nyingine, kisha anaomba rula ya chuma.

“Mpya imezidi milimita tatu kwa urefu,” anasema. “Kwenye gauni ningekuachia. Kwenye breki hapana.”

Wateja humwita Mama Breki. Ana miaka arobaini na sita, na kwa miaka kumi na mmoja sasa amekuwa akitengeneza breki katika gereji hii ya bati yenye nafasi ya magari mawili tu. Kwa wiki hupokea matano au sita.

La leo ni la dereva anayebeba watoto kumi na wawili wa chekechea. Amesimama mlangoni akitazama simu kila baada ya dakika. Pedi kainunua mwenyewe jana, boksi limeandikwa aina ya gari lake, na watoto wanatoka saa sita. Anauliza, kwa upole wa mtu aliyebanwa, kama haiwezekani kuipiga msasa kidogo ikakaa.

Mama Breki anafuta mikono kwanza.

“Mdogo wangu, niliwahi kuipiga msasa. Mara moja tu.”

Ilikuwa mwaka wake wa pili kazini. Mteja, muuza dawa, alikuwa na haraka, pedi ikagoma, Mama Breki akaisugua mpaka ikaingia. Wiki moja baadaye ilinasa kwenye mteremko na gari likaishia mtaroni. Mwenye gari hakuumia. Alikuja gereji kwa miguu, akaketi, wala hakupaza sauti.

“Angenitukana ningelala usingizi wangu,” anasimulia. “Aliniuliza tu kama nilijua haikai sawa wakati naifunga. Nilijua.”

Kabla ya hapo alikuwa fundi cherehani kwa miaka tisa. Fundi magari alikuwa mume wake, ambaye leo ameketi kwenye stuli karibu na meza ya vifaa, simu mkononi na mto mgongoni. Gia boksi lilimwangukia akiwa chini ya lori, na tangu siku hiyo hawezi kuinama. Baada ya miezi minne ya kukaa nyumbani, mkewe alifunika cherehani kwa shuka, akamwambia twende, wewe utasema na mimi nitashika.

Mwanzoni wateja walikuwa wakimpita na kuuliza fundi yuko wapi. Mume alikuwa akiwajibu kwamba wamempita huko nyuma, yeye ni redio tu.

Leo redio inapiga simu dukani. Mama Breki ana hakika kwamba muuza spea amechanganya maboksi, na hafichi. Haupiti muda, muuzaji anafika mwenyewe, uso umemkunjamana, kitabu cha spea kwapani. Anakifungua juu ya boneti na kuwaonyesha kwa kidole: namba ya kwenye pedi, ya kwenye boksi na ya aina ya gari ni ile ile. Anasema yuko tayari kukosa mteja, si jina.

Mama Breki anachukua tochi na brashi ya waya, anarudi chini. Anasugua tope kwenye kalipa, kile kibano kinachozikaza pedi kwenye diski. Namba inajitokeza. Anaisoma kwa sauti, na muuzaji, akifunua kurasa, anaikuta kwenye gari la toleo la zamani kabisa.

Mama Breki anafungua gurudumu la kulia. Kibano cha huko ni cha gari lenyewe.

Basi pedi ilikuwa sawa. Kabla dereva hajalinunua gari hili, mtu alifunga upande mmoja kibano cha gari jingine, na kila breki ilipokanyagwa, magurudumu mawili hayakushika kwa nguvu moja. Dereva anashika kiuno. Anakumbuka kwamba tangu siku ya kwanza usukani ulimvutia pembeni, naye akalaumu barabara.

Mama Breki anamgeukia muuza spea.

“Kaka, nimekusingizia. Unisamehe.”

Muuzaji anafunga kitabu polepole. Anasema yameisha, kisha anauliza, sauti imeshalainika, kama anaruhusiwa kuleta kibano kinachofaa. Anarudi nacho akitweta. Kinafungwa, na pedi ile ile iliyogoma asubuhi inateleza mahali pake kwa kusukumwa na kidole gumba. Mama Breki anatoa hewa kwenye mabomba ya breki, kisha analijaribu gari kwenye barabara iliyonyooka nyuma ya gereji. Linasimama bila kuyumba.

Saa sita kasoro dakika kumi dereva anaondoka. Anapopiga simu baadaye ni kusema kwamba watoto wameshafika, na kwamba mikono yake imezoea kupigana na usukani, sasa haijui ifanye nini.

Mama Breki anakula chakula chake akiwa amesimama, karibu na mume wake. Baada ya miezi mitatu atafanya mtihani wa serikali wa ufundi wa magari, ili cheti chenye jina lake kitundikwe ukutani. Vitendo havimtishi. Maandishi ndiyo yanayomnyima raha, na kila jioni mume, akipika, humwuliza maswali.

“Nikifeli nitarudia,” anasema. “Huyu alirudia mara mbili. Muulize.”

Mume anatazama simu yake, ambayo haijaita, na kuiweka sikioni.